GARI YA KURUDI: jinsi tulivyonunua katre-katre ya zamani hapa Gihosha

Vijana wenzetu wa Bwagiriza, Kavumu, Musasa na Gasorwe, na nyinyi tunaokaa nanyi humu mjini Bujumbura, tangu ile gari yetu ndefu iliyochujuka rangi ianze kuonekana barabarani, wengi mmetuuliza mambo matatu: pesa mlitoa wapi, mbona mlinunua gari mzee hivyo, na je, sisi pia tunaweza? Tutajibu yote hapa, polepole, maana kwenye biashara ya magari haraka ndiyo inakula pesa za watu.

Kwanza mjue sisi ni nani. Tuko kumi na wawili. Wengi tunakaa Gihosha, upande wa Nyabagere na Gikungu, wengine wanatoka Kinama. Watatu tunajitolea kambini Bwagiriza, kule Ruyigi, na mjini tunashuka ruhusa ikipatikana. Yuko fundi cherehani, wako wawili wa pikipiki, yuko wa saluni, yuko yaya wetu mmoja ambaye ni mekanisiye kabisa, alijifunza Uvira kabla hatujakimbia. Na yuko mama mmoja anayeuza ndagala soko la COTEBU. Yeye si kijana tena, lakini ndiye anashika sanduku letu, na bila yeye hakuna kikundi.

Tulianza kuweka pesa mwaka 2021. Kila mtu elfu 60 za Burundi kwa mwezi. Kuna miezi mtu alikula muhogo bila mboga ili atoe hiyo pesa. Pigeni hesabu: ni 720,000 kwa mwezi, na kwa miezi 36 ni 25,920,000. Ndugu zetu waliokwenda Marekani na Kanada wakatuongezea milioni 12. Jumla 37,920,000. Hiyo ndiyo pesa yote, hakuna mradi wala mzungu aliyetupa.

Mwanzoni tulitaka mashine ya kusaga unga. Kilichobadilisha mawazo ni usiku mmoja wa mwezi wa kumi na moja 2022. Dada mmoja wa kwetu, mimba ya miezi minane, alikuwa amepanda vilima vya nyuma ya Gihosha kulima shamba la watu kwa kibarua. Mvua ikanyesha siku mbili, uchungu ukamkamata usiku. Tulikodi Probox. Ilifika nusu ya mlima, mipira ikaanza kuzunguka bure, ikazama kwenye udongo mwekundu mpaka tumbo. Tulimbeba dada kwa blanketi na miti miwili, saa mbili na nusu, tukianguka na kuinuka. Dada yuko hai, tunamshukuru Mungu. Mtoto hakuishi. Daktari hakumlaumu mtu, alisema tu kwamba kufika mapema kungesaidia. Basi, tangu hapo hakuna aliyezungumza tena habari ya mashine ya kusaga.

Tulikubaliana hivi: gari ibebe viazi, mboga na maharage kutoka milimani wakati wa mvua, pale magari madogo yanaposhindwa, ndiyo ijilipe. Na usiku wowote mgonjwa akiitaji, biashara inasimama.

Gari gani sasa?

Hapo ndipo maneno yalianza. Kila mtu alikuwa na gari yake kichwani. Wa saluni alitaka RAV4. Ni gari nzuri, na mipira yote minne inaweza kusukuma. Lakini yaya mekanisiye alituchorea chini kwa kijiti: katre-katre ya milima lazima iwe na gia ndogo, ile tunayoita L4. Ukiiweka, gari inakwenda polepole kama mtu mwenye mzigo kichwani, lakini nguvu inaongezeka sana, na ukiteremka moteri yenyewe inakuzuia bila kuchoma breki. RAV4 haina hiyo. Kwa matope kidogo itapita. Kwa mlima, matope na watu kumi ndani, haitapita.

Tukabaki na Land Cruiser za zamani. Hizi tunazijua bila kufundishwa. Nani kati yetu hakuhesabiwa na watu walioshuka kwenye ile gari nyeupe ndefu yenye antena? Tulipokuwa watoto tuliikimbilia tukidhani imeleta biskuti. Toyota walianza mwaka 1951 na gari iliyoitwa BJ, wakaipandisha mlima Fuji mpaka kituo cha sita kuonyesha watu kwamba inaweza. Ile tunayoijua sisi ni ya familia ya 70, iliyotoka mwaka 1984. Kuanzia 1990 wakaweka humo moteri inayoitwa 1HZ: silinda sita, lita 4.2, ya mazuti, haina turbo, haina kompyuta. Ndiyo maana mashirika yanaipenda. Ikikataa kuwaka kule porini, mtu mwenye funguo na akili anaweza kuitengeneza, haihitaji mtu wa laptop.

Kuna na jambo la usukani. Burundi tunatembelea mkono wa kulia, lakini magari mengi yanatoka Japani kupitia bandari ya Dar es Salaam na usukani wake uko kulia. Mjini si neno. Lakini panda barabara ya RN1 nyuma ya lori la ndizi, kona juu ya kona, halafu ujaribu kulipita huku umekaa upande usioona mbele! Zile za mashirika nyingi usukani uko kushoto. Tukasema yetu iwe hivyo.

Gari ya kwanza: ile iliyong'aa

Komisioneri mmoja alitupeleka kuona Prado ya mwaka 1998. Bwana, ilikuwa inang'aa! Mipira mikubwa, taa nne juu, viti vya ngozi, redio inayotikisa kifua. Vijana wote roho zilihama. Bei milioni 45, "lakini kwa sababu ni nyinyi, wakimbizi, leteni 37." Alisema kuna mteja anakuja kutoka Gitega kesho saa tatu, kwa hiyo tutoe milioni tano jioni ileile aizuie.

Yaya mekanisiye hakusema kitu. Aliweka mkono juu ya boneti. Ilikuwa ya moto. Tulikuwa tumeagana saa kumi, na gari ilikuwa imeshawashwa kabla hatujafika. Kwenye mazuti hilo ni neno kubwa, maana moteri iliyochoka inaonekana inapowashwa ikiwa baridi. Ukiipasha moto kwanza, inaficha aibu yake.

Mama wa sanduku ndiye aliyesimama. Alituambia: "Wanangu, mimi pesa yangu humo ndani ni ada ya watoto watatu. Wakiniuliza iko wapi, nitawaonyesha nini? Rangi?" Komisioneri akacheka, akasema, "Mama, magari ni mambo ya wanaume." Mama akamjibu bila kupandisha sauti: "Baba, na mimi samaki aliyeoza namjua kwa kumfungua, si kwa kumwangalia." Milioni tano haikutoka.

Kesho yake tulifika saa kumi na mbili asubuhi bila kupiga simu. Yule mteja wa Gitega hatukumwona. Boneti ilikuwa baridi sasa. Yaya akaomba kufungua kifuniko cha radiateri, mlinzi akakubali. Akajaza maji mpaka juu, akasema washa. Mapovu yakaanza kupanda, moja moja, kisha kama chungu kinachochemka, na moteri bado baridi kabisa! Maana yake moshi wa moteri unaingia kwenye maji: kichwa cha moteri kimepasuka au joti yake imekufa. Ile moteri ya 1KZ-TE, lita 3 yenye turbo, inajulikana na mafundi kwa ugonjwa huo ikishapata joto kali. Yaya akafunga kifuniko, akamshukuru mlinzi, tukaenda zetu. Ingetupandisha mlima siku moja, halafu ingetuacha hukohuko juu.

Njiani yaya alisema neno ambalo sasa tunalitumia kila siku: "Gari yoyote inaweza kwenda. Tafuteni gari ya kurudi."

Gari ya pili: ile iliyokaa chini ya mwembe

Ilipatikana bila komisioneri. Ilikuwa Gihosha hapahapa, chini ya mwembe, kwa mzee mmoja mjenzi ambaye majirani wanamheshimu kama mushingantahe. Land Cruiser HZJ75 ya mwaka 1997, ndefu, milango nyuma, viti viwili virefu vya kutazamana. Rangi imechujuka, mlango mmoja una kovu, kuku wamelala juu ya boneti. Vijana walinuna. Mzee mwenyewe alianza kwa kutuhesabia magonjwa yake: breki za nyuma ni dhaifu, springi moja imevunjika, maji ya mvua yanaingia miguuni kwa dereva. Muuzaji akianza na magonjwa, msikilizeni.

Tuliiangalia siku mbili. Tunawaandikia tulichofanya ili na nyinyi mkifanye.

Tulianza chini, si juu. Tulilala mgongoni na tochi na nyundo ndogo, tukagonga shasi yote. Chuma kizima kinalia kama kengele, chuma kilichooza kinasema "pu". Tulitafuta fasi iliyochomelewa na fasi iliyopakwa rangi mpya, maana huko chini hakuna mtu anayepaka rangi kwa urembo.

Tulitafuta namba ya shasi iliyopigwa kwenye chuma upande wa mbele, tukaisugua kwa brashi, tukailinganisha na karti rozi herufi kwa herufi. Kama namba imesuguliwa au haifanani, usiendelee, hata bei iwe ya bure. Sisi wakimbizi hatuwezi kujieleza vizuri tukishikwa na gari ya wizi.

Tuliwasha ikiwa baridi na kuangalia moshi. Moshi wa bluu ni mafuta ya moteri yanaungua. Mweupe usiokwisha ni maji yameingia. Mweusi mzito ni injekta au filta ya hewa imeziba. Yetu ilitoa mweupe kidogo, ukakata baada ya dakika. Tukafungua kifuniko cha mafuta moteri ikiwaka: kama kinatema na kupuliza kwa nguvu, ringi zimekwisha. Chini ya kifuniko tukatafuta ule utando kama chai ya maziwa, ambao ni maji ndani ya mafuta. Haukuwepo.

Namba ya kilomita hatukuiamini, inaweza kurudishwa. Tuliangalia mpira wa pedali, usukani na kiti cha dereva, hivyo havidanganyi. Na tulimwuliza mzee mkanda wa ndani wa moteri ulibadilishwa lini. 1HZ inataka mkanda mpya kila kilomita 100,000. Ukikatika, moteri inaweza kufa palepale. Hakukumbuka, basi tukauhesabu kama uliokwisha.

Halafu tukajaribu kile tunachonunua: ile katre-katre yenyewe. Kwenye gari hizi za zamani unashuka, unazungusha kwa mkono vifungo vya katikati ya magurudumu ya mbele, ndipo unarudi kuweka H4 au L4. Wengi wanauza gari ambayo haijawekwa L4 miaka kumi, na gia imeganda. Tulipanda njia ya udongo juu ya Gihosha, tukasimama katikati ya mlima, tukaweka L4, tukaondoka bila kukanyaga sana. Ilipanda kama mbuzi. Mkumbuke pia: kwenye lami kavu usiendeshe na H4 wala L4, magurudumu ya mbele na ya nyuma yanapigana kwenye kona na unavunja vyuma bure.

Mwisho tulipanda nayo RN1 mpaka Bugarama. Bujumbura iko karibu mita 800 juu ya bahari, Bugarama imepita 2,000, na ni kupanda mwanzo mwisho. Hakuna gereji inayoweza kukupimia moteri vizuri kuliko mlima ule. Kila dakika tano mmoja alisoma mshale wa joto kwa sauti, kama anasoma Biblia. Ulibaki katikati. Tulinunua kabeji, tukageuka. Kwenye kuteremka ndipo breki zilionyesha ule udhaifu ambao mzee alishatuambia, na L4 haikutakiwa, gia ya pili ilitosha kutushika.

Bei na karatasi

Mzee alitaka milioni 42. Tukaomba 30. Tukakutana 34: thelathini siku ileile, nne baada ya miezi mitatu. Watu wanadhani unachukua pesa yote unanunua gari. Hapana. Gari ya zamani inanunuliwa mara mbili, siku ya mwenyewe na siku ya fundi. Tulibaki na 7,920,000, ikaingia kwenye mkanda, breki za nyuma, springi, mafuta na filta zote, mipira miwili, mpira wa mlango wa dereva. Ile milioni nne ya mzee tuliilipa kwa viazi na michango ya kila mwezi, kabla ya siku yake.

Karatasi zilichukua muda kuliko gari. Wote kumi na wawili tulisaini mkataba mbele ya notere: nani ana fungu gani, mtu akipata safari ya kwenda Marekani analipwaje, akifa fungu linakwenda kwa nani. Wengine walisema hiyo ni kuitana mikosi. Lakini tumeona vikundi vingi vikivunjika si kwa sababu gari imekufa, ila kwa sababu mtu mmoja alikuwa na jina lake kwenye karti rozi na wengine walikuwa na maneno tu. Halafu asiransi na kontroli tekniki, bila njia ya mkato. Polisi akisimamisha gari iliyojaa wakimbizi, karatasi ndizo zinaongea.

Na mafuta?

Hapa hatuwadanganyi. Huyu mzee anakula lita 13 mpaka 15 kwa kilomita 100, na akipanda na mzigo anazidi. Mnajua hali ya mafuta nchini, foleni zinalala. Kwa hiyo tuna sheria moja isiyovunjwa: gari haiondoki kama haina mafuta ya kwenda na ya kurudi. Si nusu, si "tutapata huko". Tumeshakataa mizigo ya pesa nzuri kwa sababu ya sheria hiyo, na waliokasirika ni wengi, pamoja na sisi wenyewe. Mama wa sanduku anashika bidon mbili za lita 20 nyumbani kwake chini ya kufuli. Hizo ni za wagonjwa tu. Hata tumlilie, hatoi.

Na zilitumika. Mwezi wa pili mwaka 2025, watu wetu walipovuka Rusizi kwa maelfu na uwanja wa mpira wa Rugombo ukajaa, vituo vingi vya mafuta hapa mjini vilikuwa vikavu. Kanisa na majirani wa Gihosha, Warundi kwa Wakongomani, walikusanya masufuria, blanketi, unga na nguo za watoto. Magari mengi hayakuweza kuondoka. Yetu iliondoka, ikiwa na zile bidon mbili. Ilikwenda mara nne wiki ile. Kuna fasi karibu na mto malori yalizama, tukashuka, tukazungusha vifungo vya magurudumu, tukapita. Siku ya tatu tulimkuta shangazi wa mmoja wetu, tuliyedhani amekufa, amekaa juu ya jeri-kani yake. Aliangalia gari, akauliza, "Hii ni ya HCR?" Tukamwambia, "Hapana shangazi. Ni ya kwetu." Hakuamini mpaka tulipomfungulia mlango.

Gari bado ina kovu lake. Inakurusha kama punda, maana springi zake ni za mabapa mbele na nyuma. Mwaka huu imetudai radiateri, na tunajua itadai kitu kingine kabla ya mvua. Hatuna mshahara kutoka kwayo, tunapata kidogo kila mwisho wa mwezi baada ya kuweka akiba ya piyesi. Yule dada wa mwaka 2022 ana mimba tena, na tarehe yake imeandikwa kwa chaki ndani ya mlango wa dereva, pamoja na jina la nani atalala na funguo wiki ile.

Basi, vikundi vyenu vikiwaza gari, msitume mtu mmoja mwenye macho ya kupenda. Tumeni fundi, tumeni mama anayejua thamani ya pesa, na mtu mwenye subira ya kurudi kesho asubuhi bila kupiga simu. Na kama hamna fundi, mtafuteni yeyote wetu hapa Gihosha. Tutakuja na nyundo na tochi, tulale pamoja chini ya hiyo gari kabla hamjatoa hata franga moja.